Dakika Kumi za McLeod Ganj

Mara ya kwanza nilipopanda kwenda Triund nilivaa raba nyeupe za kutokea. Nazitaja mapema kwa sababu karibu kila ninachokijua leo kuhusu njia za miguu za McLeod Ganj kilianzia kwenye soli za raba zile, zilizokuwa zimelika hadi kuwa laini kama kiganja. Ilikuwa Aprili. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni huko Punjab, joto la tambarare limeshaanza kututafuta, na rafiki yangu mmoja wa Kisumu akaja chumbani na simu mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na picha: majani mabichi juu ya mgongo wa mlima, na nyuma yake ukuta wa theluji.

"Hii ni rahisi," akasema. "Hata watoto wanapanda."

Kwa asiyepajua, McLeod Ganj ni kimji kilichokaa juu ya Dharamshala, jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini mwa India. Dharamshala yenyewe iko kwenye mita 1,450 na ushei, McLeod Ganj iko karibu na mita 2,000, na nyuma yake umesimama Dhauladhar, safu ya mbele ya Himalaya kwa upande huu, yenye vilele vinavyopita mita 4,000. Dunia inapajua kwa sababu ya Dalai Lama, aliyehamia Dharamshala mwaka 1960 baada ya kuikimbia Tibet mwaka uliotangulia. Sisi wanafunzi wa Punjab tunapajua kwa sababu ni safari ya usiku mmoja wa basi na kuna ubaridi wa kulala na blanketi.

Kuhusu basi somo ni fupi. Kutoka Chandigarh ni kama kilomita 240, na sehemu ya mwisho yote ni kona. Kaa viti vya mbele, usishibe kabla ya kuondoka, na uwe na mfuko wa nailoni mahali ambapo mkono unaufikia gizani. Rafiki yangu hakuwa nao. Sitaeleza zaidi.

Tulishuka alfajiri, milima imeshaanza kuwa ya rangi ya waridi. Mwenye akili angekunywa chai akaanza kupanda saa ileile. Sisi tulitafuta chumba tukalala. Tukaamka saa nne, tukala, tukapiga picha za bendera za sala za Kitibeti, tukanunua chupa moja ya maji ya nusu lita kwa watu wawili, na saa sita mchana tukaanza safari, mimi na jinzi yangu na fulana, yeye na kaptula.

Kutoka uwanja wa katikati ya mji hadi kijiji cha Dharamkot ni kama kilomita mbili za barabara ya lami inayopanda bila huruma. Watu wengi wanamaliza nguvu zao hapo, kabla hata njia yenyewe haijaanza. Juu ya Dharamkot kuna Gallu, penye hekalu dogo la mungu wao wa kike na vibanda vya chai. Tuliandika majina kwenye daftari. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi hapo akatuuliza kwa Kihindi kama tuna tochi, kama tuna koti. Hatuna. Akazitazama raba zangu kwa muda kidogo, halafu akatazama pembeni, kama mtu mwenye adabu anavyofanya akiona zipu ya mwenzake iko wazi.

Sasa niwe mkweli kwa rafiki yangu: alichosema hakikuwa uongo. Toka Gallu hadi Triund ni kilomita tano au sita za njia moja isiyopotea, pana kiasi cha kupita nyumbu wawili, imepigwa mawe, haina kamba wala mwamba wa kukwea kwa mikono. Nusu ya kwanza inapanda taratibu ndani ya msitu wa mialoni na miti ambayo wenyeji huiita burans, na Aprili ile burans ilikuwa imefungua maua mekundu makubwa kama ngumi. Kila baada ya mwendo kuna kibanda cha chai. Triund iko kama mita 2,850 hivi, yaani juu kidogo tu ya Mandara, kituo cha kwanza cha kulala cha njia ya Marangu kule Kilimanjaro, ambacho kiko mita 2,720. Ukimwambia Mchaga kwamba umeshindwa kufika Mandara atakucheka hadi akae chini.

Kilichotuchanganya ni dakika kumi. Kila tulipomuuliza mtu bado kiasi gani, jibu lilikuwa moja: "Bas, das minit." Dakika kumi tu. Tukatembea dakika kumi, tukauliza, dakika kumi. Nilizihesabu dakika kumi hizo mara tano kisha nikaacha. Kwa hasira niliona wanatudanganya ili tuendelee kununua biskuti zao. Baadaye sana nilielewa kwamba mtu aliyekuwa akinijibu ni Mgaddi, kabila la wachungaji wa milima hii, amepanda njia ile tangu utotoni na gunia la mchele mgongoni. Kwake zilikuwa dakika kumi kweli. Nilipaswa kumuuliza zangu ni ngapi.

Saa nane wingu likaja. Nimeshaliona mara nyingi tangu siku ile na halibadilishi tabia: jua la asubuhi linapasha bonde la Kangra, hewa yenye mvuke inapanda, inaugonga ukuta wa Dhauladhar, na kwa kuwa haina pa kwenda ila juu, alasiri inageuka radi. Miezi ya Aprili na Mei unaweza kuwa na anga ya buluu saa tatu na mvua ya mawe saa tisa. Sisi tulipata yetu tukiwa chini ya zile kona za mwisho, ambazo wenyeji wanazihesabu kuwa ishirini na mbili, na ambazo ndizo sehemu pekee ya njia inayostahili kuitwa ngumu. Barafu za ukubwa wa kunde zilitupiga kichwani na shingoni. Tukakimbilia chini ya turubai ambako waendesha nyumbu watatu walikuwa wameshajificha na wanyama wao. (Nikisema nyumbu namaanisha baghala, mtoto wa punda na farasi, si wale wa Serengeti. Nilimpigia shangazi simu kumweleza habari za nyumbu wa Himalaya na akadhani nimechanganyikiwa.)

Tulikaa pale kama saa nzima, fulana zimegandia mwilini, rafiki yangu akitetemeka hadi meno yanalia. Wale watu wakatupa chai kwenye vikombe vya bati, wakatuwekea gunia mabegani, na mvua ilipopungua mmoja akanyoosha kidole. Chini. Hakusema das minit.

Njiani kurudi nilianguka mara saba. Mawe yaliyolowa na soli laini ni kama sabuni juu ya vigae. Na hapa kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu: kupanda kunakula mapafu, lakini kushuka ndiko kunakula magoti na vidole. Kila hatua vidole vyangu vya miguu vilikuwa vinajigonga kwenye ncha ya kiatu, na kucha zangu zilikuwa ndefu. Wiki moja baadaye kucha mbili zilikuwa nyeusi, mwezi uliofuata zikang'oka. Sasa kabla ya mlima wowote nakata kucha, jambo dogo ambalo limenisaidia kuliko koti langu la bei ghali. Tulifika Gallu giza limeingia, simu moja imezima na nyingine ina asilimia sita. Yule mzee alikuwa bado yupo. Akachukua kalamu akaweka alama mbele ya majina yetu kwenye daftari.

Miaka miwili iliyofuata nilirudi McLeod Ganj mara sita hivi, na mara zote niliikwepa Triund kama mdaiwa anavyolikwepa duka. Mara moja nilikwenda Agosti, na hilo silipendekezi kwa mtu yeyote. Masika ya India yakiugonga mlima ule hayana mzaha, Dharamshala ni miongoni mwa mahali panaponyesha sana India nzima, njia zinateleza, ruba wanapanda kwenye soksi, na mlima wenyewe huuoni. Nilikaa chumbani siku tatu nikila supu ya tambi. Lakini kwa kuikwepa njia kubwa nikajikuta nazijua zile ndogo, ambazo mtu wa safari ya siku moja huzipita bila kuzitazama. Sikujua zina thamani gani hadi shangazi alipokuja.

Shangazi ni mtu wa Lushoto. Ana miaka sitini na moja na goti la kushoto linalotabiri mvua. Alikuja Oktoba kwa ajili ya mahafali yangu, na baada ya siku mbili za maduka makubwa ya Chandigarh akaniambia, "Baba, mimi sikupanda ndege kuja kuona ngazi za umeme. Huo mlima ulionusurika nao uko wapi?"

Nikaogopa. Kisha nikakaa na kalamu nikafanya kitu ambacho sikukifanya mwaka ule wa raba: nikapanga siku kwa kufuata mwili wa mtu anayetembea. Oktoba mvua zimeshaisha, hewa imeoshwa, theluji mpya inaanza kukaa kwenye vilele, na alasiri nyingi hazina wingu. Siku ya kwanza tambarare, ya pili mteremko mdogo, ya tatu mzunguko. Ya nne tutaona.

Siku ya kwanza nikampeleka kora. Hii ni njia ya sala inayozunguka kilima chenye hekalu kuu la Dalai Lama na makazi yake, na kwa mtu aliyetoka tambarare usiku uleule sijui njia nzuri kuliko hiyo. Ina kivuli cha mierezi na misonobari, ina mahali pa kukaa, inapanda kidogo na kushuka kidogo, na mwendo wa kawaida inachukua kama dakika arobaini. Mwili unazoea hewa bila wewe kujua kwamba umefanya zoezi. Wazee wa Kitibeti wanaizunguka kila asubuhi na tasbihi mkononi, wakipita kwenye magudulia ya sala wanayazungusha, wakipita kwenye mawe yaliyochongwa maandishi wanayagusa.

Inazungukwa kwa kufuata mkono wa saa, kilima kikiwa kuliani kwako. Hilo nililijua, nikasahau kulisema. Shangazi akaanza kwa upande wake mwenyewe, na kabla sijamwita, bibi mmoja mfupi mwenye aproni ya mistari akamshika kifundo cha mkono, akamgeuza taratibu kama unavyomgeuza mtoto aliyevaa shati kinyume, na wakaendelea pamoja. Hawakuachana tena. Mmoja anaongea Kitibeti, mwingine Kiswahili, na wakichoka kuongea wanaonyeshana magoti. Dakika arobaini zikawa saa mbili. Mimi niko nyuma nimebeba maji na sina kazi. Walipofika mwisho bibi akasema "Tashi delek," shangazi akajibu "Haya mama, Mungu akubariki," na nikaona kila mmoja ameridhika kwamba ameeleweka.

Jioni alikula momo kwa mara ya kwanza, ile sambusa yao ya kupika kwa mvuke. Akaniuliza kwa nini hawaikaangi.

Siku ya pili tulitelemka barabara ya Forsyth Ganj hadi kanisa la Mtakatifu Yohana wa Nyikani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na shangazi akiwa Mlutheri wa kuzaliwa alitaka kuliona. Ni la mawe, limejificha ndani ya mierezi mirefu, lilijengwa mwaka 1852. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko la ardhi liliipiga Kangra na kuua watu kama 20,000. Kanisa lilibaki limesimama lakini mnara wa kengele ulianguka, na kengele iliyoletwa baadaye kutoka Uingereza ya mwaka 1915 imewekwa nje, chini, kwenye kibanda chake. Uani amezikwa Lord Elgin, aliyekuwa akiitawala India kwa niaba ya Malkia, akafia Dharamshala mwaka 1863. Shangazi alisoma makaburi yote, ya wakubwa na ya vichanga. Akaniambia makaburi ya namna hiyo yako hadi kwao. Ni kweli: Lushoto Wajerumani waliiita Wilhelmstal na kuifanya mahali pa kupumulia joto la Tanga. "Walikuwa walewale," akasema. "Ukishamnyang'anya mtu nchi yake, unatafuta kilima uikimbie jua lake."

Kutoka hapo tulichukua teksi hadi Naddi, na alipomsikia dereva anasema "gadi" akacheka, kumbe gari ni neno tulilowaazima wao. Naddi ni kijiji kilichokaa ukingoni, mbele yake Dhauladhar nzima bila kizuizi. Kurudi tulitembea kwa kuteremka, tukipita ziwa dogo la Dal, ambalo nisilisifie. Watu wanalitangaza sana na ni bwawa. Lakini njia ya msituni kati ya Naddi na Dharamkot ni kitu kingine, ina ukimya wa sindano za misonobari chini ya kiatu, na karibu haina mwinuko. Nikiulizwa na mtu mwenye watoto au mwenye mimba, namtuma huko.

Siku ya tatu tuliteremka toka Dharamkot hadi Bhagsu kwa kijia cha kati ya nyumba zenye mapaa ya mawe bapa na vijishamba vya ngazi. Shangazi aliingia kwenye vijishamba kama fundi anavyoingia karakana ya mwenzake. Akapima kina cha udongo kwa kidole. Akakagua kuta za mawe. Akahukumu: "Hapa ni Lushoto iliyokosa ndizi." Maporomoko ya Bhagsu yenyewe yalijaa watu na pakiti tupu za viazi vya kukaanga, nyani wanapora mifuko ya wageni, na hatukukaa. Kuhusu nyani, usiwatazame machoni na usishike mfuko wa nailoni mkononi, kwao kila nailoni ni chakula.

Usiku ule nikamuuliza kuhusu goti. Akasema goti liko kimya. Nikamwambia kesho tutapanda njia ya Triund hadi litakapozungumza.

Safari hii teksi ilitupandisha hadi Gallu, tukaziacha zile kilomita za lami kwa wenye nguvu za kupoteza. Saa moja asubuhi tukawa kwenye njia. Alivaa viatu vya shambani, vile vya mpira vyenye meno, alivyotoka navyo nyumbani licha ya mimi kumwambia kwenye simu kwamba havihitajiki. Nilimchongea fimbo. Maji lita mbili, chapati zilizojazwa viazi, sweta, koti la mvua, tochi, na fedha taslimu, maana juu mtandao wa simu unakuja na kuondoka upendavyo. Chochote utakachonunua huko kimepanda kwa mgongo wa baghala, na bei yake inapanda nacho. Si wizi.

Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha mwendo. Badala yake nilijifunza. Shangazi anapanda mlima kama mtu aliyezoea kupanda na mzigo wa kuni: hatua fupi, unyayo mzima unakanyaga, akikuta jiwe la juu analizunguka badala ya kulipanda. Anapumzika kabla ya kuchoka, dakika moja, kasimama, haketi. "Ukikaa damu inalala," akasema. Na anaongea njia nzima. Nilipoishiwa pumzi ya kumjibu akapunguza mwendo bila kunitazama. Ndicho kipimo alichonipa: ukishindwa kuongea, unakwenda haraka. Vijana walitupita wakikimbia na spika za muziki, tukawakuta mbele wamelala kwenye mawe, wakatupita tena, tukawakuta tena.

Kwenye kona moja tukakutana na kundi la kondoo na mbuzi likiteremka. Oktoba Wagaddi wanawashusha wanyama kutoka malisho ya juu kwenda kuyakwepa majira ya baridi. Kiangazi huwa wamewapeleka nyuma ya safu, wakipita kwenye vipenyo kama Indrahar wenye mita 4,342. Nikasogea ukingoni kuwapisha. Shangazi akanivuta shati kwa nguvu. "Upande wa mlima! Mnyama akikusukuma huko utakwenda wapi?" Miaka mitatu nimekuwa nikiwapisha baghala kwa upande wa korongo na hakuna aliyenisahihisha. Tuliegemea ukingo wa mlima mbuzi wakatupita magotini, wakinuka moshi na sufi iliyolowa, na mbwa mkubwa mweusi nyuma yao akatukagua akaona hatuna thamani.

Saa tatu na nusu tukafika kwenye kibanda kilichoko karibu nusu ya njia, penye jabali lililojitokeza na bonde lote la Kangra limetandikwa chini. Mwenye kibanda alikuwa mama wa rika la shangazi. Shangazi akashusha fimbo, akaketi kwenye benchi, akapokea chai ya tangawizi, akatazama bonde, akatazama njia inayoendelea.

"Mimi nimefika," akasema.

Nikamwambia ni nusu tu, kwamba anakwenda vizuri kuliko mimi, kwamba tuna siku nzima.

"Goti halijasema kitu. Ndiyo maana nakaa. Likisema nitakuwa nimechelewa, maana huu tulioupanda tutaushuka. Nenda wewe, una deni lako."

Nilikwenda. Bila mtu wa kuzungumza naye nilijaribu mwendo wake, unyayo mzima, jiwe kulizunguka. Lile turubai la mvua ya mawe halikuwepo tena, lakini mahali pake nilipatambua kwa mwaloni uliopinda. Kona ishirini na mbili nilizihesabu. Zilikuwa ishirini na nne, au nilikosea. Saa tano na robo njia ikaisha ghafla na nikawa nimesimama kwenye majani.

Mbele yangu ukuta wa Dhauladhar ulikuwa karibu kiasi cha kuonekana nyufa, theluji mpya imekaa kwenye mikunjo yake kama unga kwenye aproni. Nyuma yangu India yote imeteremka hadi kwenye ukungu. Kunguru wakubwa walikuwa wanaelea juu ya upepo chini ya miguu yangu. Nilikuwa nimetegemea kwamba nitalia. Sikulia, nilikuwa na njaa. Nilikula chapati nimesimama, nikapiga picha mbili, moja ya mlima na moja ya viatu vyangu vipya vyenye meno, nikaituma ya pili kwa rafiki yangu, ambaye sasa yuko kazini Nairobi. Haikuenda. Upepo ulikuwa wa baridi, na watu walikuwa wanasukumana kwenye jiwe lililokaa vizuri kwa picha. Nikakaa nusu saa, pengine pungufu.

Niliporudi kibandani shangazi hakuwa kwenye benchi. Alikuwa ndani, miguu kainyoosha, ungo mapajani, anachambua maharage na mama mwenye kibanda, maharage mekundu, yale ambayo huku huyapika mchuzi mzito na kuyala na wali.

"Umeona?" akasema akaniinulia ungo. "Wali maharage. Umekuwa ukinitumia picha za vyakula vya ajabu miaka mitatu, hukuniambia kwamba wanakula wali maharage."

Tukala wali maharage. Alikuwa ameshajua kwamba yule mama ana watoto wanne, mmoja yuko Delhi, na kwamba kuni za mwaloni zinashika moto kuliko za msonobari. Sijui walielezana kwa lugha gani. Aliniuliza nilipokuwa namalizia sahani.

"Kuna nini huko juu?"

"Mlima mwingine."

"Mrefu?"

"Mrefu zaidi."

"Enhe," akasema, akamrudishia mwenzake ungo.

Tulianza kushuka saa saba na nusu. Fimbo nilibeba mimi, maana goti lililozungumza siku ile lilikuwa langu la kulia. Shangazi akiwa mbele, viatu vyake vya shambani vinauma mawe kimoja baada ya kingine. Chini kidogo ya kibanda tukakutana na vijana watano wanapanda, jasho linawatoka, hawana begi hata moja, na wa mwisho kavaa raba nyeupe. Akasimama ameshika kiuno, akamwangalia shangazi kwa matumaini.

"Aunty ji, kitna aur hai?"

Shangazi hajui Kihindi. Lakini alikuwa amekaa kwenye kibanda kile saa nne nzima akilisikia swali hilohilo na jibu lake. Akainua mikono miwili, akafungua vidole vyote kumi.

"Das minit," akamwambia.